Safari Moja Itoshe: Namna Mkazi wa Misugusugu Anavyoweza Kupanga Muda na Shughuli za Kila Siku

Kata ya Misugusugu ipo kandokando ya Barabara Kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, katika mji wa Kibaha, Mkoa wa Pwani. Wasafiri wengi wanaifahamu kwa kituo cha ukaguzi wa mizigo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako malori yanayokwenda mikoani na nchi jirani hupita. Kwa wanaoishi hapo, Misugusugu ni mahali pa kuanzia safari. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Tumbi, soko kubwa na huduma za benki ziko upande wa Maili Moja, ofisi nyingi za Serikali ziko Kibaha mjini, na yapo mahitaji ambayo humlazimu mtu kufika Dar es Salaam.

Hali hiyo inaufanya muda kuwa gharama halisi. Mama lishe anayefunga banda lake ili kufuatilia cheti hapotezi nauli pekee, bali pia mauzo ya siku nzima, na wakati mwingine wateja waliozoea kula kwake huhamia kwingine. Dereva wa bodaboda anayesimama kwenye foleni saa tatu bado anadaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki. Mkulima anayekwenda mjini mara mbili wakati wa palizi hurudi na kukuta magugu yamemtangulia. Akirudishwa kwa sababu ya nakala moja iliyokosekana, hasara hiyo hujirudia.

Makala haya yanaeleza kanuni za kupanga muda na shughuli za kila siku kwa mazingira ya mkazi wa Misugusugu na maeneo mengine ya Pwani yanayofanana nayo: yapi yamalizwe kwa simu, yapi yamalizwe mtaani, yapi yahitaji safari, na safari hiyo ipangwe vipi.

Kuifahamu saa kabla ya kuipanga

Upangaji wa muda huanza na kuelewana kuhusu saa yenyewe. Kiswahili huhesabu saa za mchana kuanzia kuchomoza kwa jua, na za usiku kuanzia kuchwa kwake. Kwa kuwa Tanzania iko karibu na mstari wa Ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu na saa 12 mwaka mzima, hivyo hesabu hiyo haibadiliki sana baina ya msimu mmoja na mwingine. Hata hivyo, simu, tiketi na mifumo mingi ya kompyuta hutumia saa ya tarakimu 24 inayoanza usiku wa manane. Mwananchi anayesoma “08:00” kwenye ujumbe wa simu akadhani ni saa 8 mchana atafika akiwa amechelewa kwa saa sita.

Kanuni ya kubadili ni rahisi. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Kwa mfano, saa 1:30 asubuhi ni 07:30, na saa 9:30 alasiri ni 15:30. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18, hivyo saa 2 usiku ni 20:00. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6, hivyo saa 11 alfajiri ni 05:00. Anayepokea miadi kwa simu anashauriwa kurudia saa pamoja na kipindi chake, yaani asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, kabla ya kukata simu.

Tahadhari nyingine inahusu usiku. Kwa desturi ya Pwani, siku mpya huanza jua linapozama, hivyo “usiku wa Ijumaa” kwa wazee wengi ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ilhali vijana wengi huelewa ni usiku unaoufuata. Ndiyo maana matangazo rasmi hutumia maneno “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Kwa anayesafiri usiku au mwenye msiba wa kuhudhuria, ni vyema kuuliza tarehe badala ya kutegemea jina la siku pekee.

Saa za huduma na mgawanyo wa siku

Saa za kawaida za kazi katika ofisi za Serikali ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa mwananchi, hii ina maana kwamba shughuli ya ofisini ni shughuli ya asubuhi. Anayefika saa 8 mchana anaweza kupokelewa, lakini nyaraka yake ikihitaji saini ya ofisi ya pili au malipo yanayosubiri kuthibitishwa, muda hautamtosha. Siku ya Ijumaa mchana huwa na kipindi cha sala, hivyo anayefika mapema asubuhi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kukamilisha alilolifuata.

Shughuli nyingine hazina ukomo huo. Wakala wa fedha, duka la dawa, fundi na mashine ya kusaga huwa wazi jioni. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuanza na jambo rahisi lililo karibu, kama kununua vocha au kupeleka nguo kwa fundi, kisha kuelekea ofisini jua likiwa limekwisha kupanda. Kanuni inayofaa ni kuanza na huduma inayofungwa mapema, na kuacha za mwisho zile zinazoweza kupatikana hata jioni.

Wafanyakazi wa viwandani na wa sekta binafsi wana ugumu wa ziada, kwa kuwa saa zao za kazi ndizo saa za ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki na saa 9 kwa siku, na inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Mfanyakazi anayepanga mapema anaweza kuziweka shughuli zinazohitaji kufika ofisini, kama kufuatilia kitambulisho au hati ya kiwanja, ndani ya likizo yake, badala ya kuomba ruhusa za ghafla ambazo mwajiri huzitoa kwa shida.

Orodha moja, makundi matatu

Hatua ya kwanza ya upangaji ni kuandika. Jambo lililo kichwani pekee husahaulika mtu akiwa tayari amefika Maili Moja, au hukumbukwa akiwa amerudi nyumbani. Daftari dogo linatosha, na familia inaweza kulitundika karibu na mlango ili kila mmoja aandike mahitaji yanapojitokeza. Siku moja ya wiki, kwa mfano Jumapili jioni, orodha hiyo isomwe na kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni shughuli zinazokamilika kwa simu. Ununuzi wa umeme kwa mfumo wa LUKU, malipo ya ankara ya maji, ada na tozo za Serikali, pamoja na kutuma fedha kwa jamaa, hayahitaji safari. Tangu mwaka 2017, malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakiunganishwa katika mfumo mmoja wa Serikali wa kielektroniki, ambapo mwananchi hupewa kumbukumbu namba ya malipo na kulipa kupitia simu, wakala au benki. Kodi ya majengo nayo, tangu Agosti 2021, hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU kwa nyumba zenye mita, hivyo mwenye nyumba aliyekuwa akisafiri kwa ajili ya malipo hayo ameondolewa safari hiyo kabisa.

Kundi la pili ni shughuli zinazokamilika mtaani au katani. Barua ya utambulisho hutolewa na serikali ya mtaa. Usajili wa kuzaliwa kwa mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano hufanyika katika vituo vya kutolea huduma za afya na ofisi za watendaji wa kata, na cheti hutolewa bila malipo. Mzazi anayemsajili mtoto mapema hupata huduma karibu na nyumbani, ilhali anayesubiri hadi mtoto anapohitaji cheti kwa ajili ya masomo hulazimika kufuata utaratibu wa maombi ya umri mkubwa, wenye ada na uthibitisho zaidi.

Kundi la tatu ni shughuli zinazohitaji safari: matibabu ya kibingwa, alama za vidole na picha za kitambulisho, manunuzi ya jumla, na mashauri yanayohitaji mhusika mwenyewe. Hili ndilo kundi linalopaswa kupangwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndilo linalokula siku. Lengo la kugawa orodha ni kulifanya kundi hili liwe dogo kadiri inavyowezekana.

Kinachotangulia kitangulie

Shughuli nyingi za kiofisi hufungamana, na mpangilio wake usipofuatwa, mwananchi huzunguka. Anayetaka kurasimisha biashara yake anahitaji kwanza Namba ya Utambulisho wa Taifa, yenye tarakimu 20. Kwa kutumia namba hiyo anaweza kuomba Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, ambayo TRA huitoa bila malipo. Jina la biashara husajiliwa kwa njia ya mtandao kupitia Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Baada ya hapo ndipo huombwa leseni ya biashara ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Anayeanzia mwisho atarudishwa mwanzo.

Mfano mwingine unawahusu wahitimu wa kidato cha sita. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Uhakiki huo huombwa kwa mtandao na huchukua muda, huku dirisha la maombi ya mkopo likiwa na tarehe ya kufungwa. Mwanafunzi anayeanza kutafuta cheti dirisha likiwa limefunguliwa tayari hushindana na siku, na akishindwa, hasara yake ni nafasi ya masomo au mzigo wa ada kwa familia isiyo na uwezo. Familia yenye kijana aliye kidato cha tano au cha sita inashauriwa kuhakikisha kuwa cheti kipo, jina lililomo linafanana na lile la vyeti vya shule, na makosa yoyote yamerekebishwa kabla ya mtihani wa mwisho.

Ni vyema kila jambo katika orodha liandikiwe pembeni swali moja: ni nini kinachotakiwa kwanza ili hili likubaliwe? Jibu lake ndilo shughuli ya kuanzia.

Bahasha ya nyaraka

Watu wengi hurudishwa kwa sababu ya upungufu wa nyaraka. Kila familia inashauriwa kuwa na bahasha au jalada moja, lililohifadhiwa mahali pakavu, lenye vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, kadi ya bima kwa mwenye nayo, hati au mkataba wa mauziano ya kiwanja, na stakabadhi za malipo. Nakala mbili za kila nyaraka na picha ndogo chache za pasipoti huokoa muda wa kutafuta duka la kutoa nakala wakati foleni inasonga.

Picha za nyaraka hizo zikihifadhiwa kwenye simu husaidia kusoma namba kwa haraka, ingawa haziwi mbadala wa nyaraka halisi pale inapotakiwa. Namba zinazotumika mara kwa mara, kama vile ya mita ya umeme, ya akaunti ya maji, ya mlipakodi na ya kitambulisho, ziandikwe pia kwenye daftari, kwa kuwa simu huweza kuzima au kupotea. Namba za siri haziandikwi popote wala kutajwa kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtoa huduma.

Kabla ya kuondoka, apige simu au aulize kwa aliyewahi kupata huduma hiyo hivi karibuni: nini kinahitajika, siku gani mhusika yupo, na malipo ni kiasi gani.

Kuipanga safari

Kutoka Misugusugu kuelekea Dar es Salaam, barabara hupita Kongowe, kisha Tumbi, kisha Maili Moja. Mpangilio huo unampa msafiri ratiba ya kawaida: huduma ya hospitali Tumbi ifanyike kwanza kwa kuwa foleni ya kliniki huanza mapema; shughuli za ofisi na benki zifuate; na soko liwe la mwisho. Anayenunua mchele na mafuta kwanza atazunguka na mzigo ofisi hadi ofisi, au atalipa mtu wa kuutunza. Dawa zinazohitaji ubaridi, samaki na nyama navyo hununuliwa mwishoni, muda mfupi kabla ya kupanda gari la kurudi.

Muda wa safari uhesabiwe kwa hali ya barabara ya siku hiyo, si kwa umbali pekee. Barabara hii ndiyo mapito ya malori ya mizigo ya bandari, na ajali au ukaguzi mmoja huweza kuchelewesha magari. Msafiri mwenye miadi aongeze angalau nusu saa juu ya muda aliouzoea, na zaidi katika msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, ambapo njia za kutoka vitongojini hadi barabara kuu huwa na utelezi.

Kwa anayelazimika kufika Dar es Salaam, zipo njia za kupunguza muda. Sehemu ya barabara kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa, na Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021, kimewawezesha wasafiri wa mikoani kupanda gari bila kuingia katikati ya jiji. Anayekwenda Kariakoo au Kivukoni anaweza kushuka Kimara na kuchukua mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma Mei 2016. Kwa safari za Morogoro na Dodoma, treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 ina stesheni za Soga na Ruvu mkoani Pwani. Treni huondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na saa hiyo ni ya tarakimu 24. Abiria ajumlishe muda wa kufika stesheni na wa ukaguzi.

Safari ya kuomba huduma moja isianze kabla ya kuulizia majirani. Katika mitaa mingi, wanawake walio katika vikundi vya kuweka na kukopa tayari hufanya hivi: mmoja anapokwenda soko la jumla hununua kwa niaba ya wengine, na gharama ya kubeba mzigo hugawanywa. Utaratibu huo unafaa pia kwa pembejeo, chakula cha kuku na vifaa vya shule, ilimradi fedha na bidhaa ziandikwe ili kuepusha ugomvi.

Mfano wa siku moja

Chukua mfano wa mama lishe mkazi wa Misugusugu mwenye shughuli sita: kumpeleka mama yake kliniki ya shinikizo la damu Tumbi, kununua umeme, kulipa maji, kupata barua ya utambulisho ya binti yake, kuomba uhakiki wa cheti cha kuzaliwa cha binti huyo, na kununua mchele na mafuta ya kupikia. Akizifanya kila moja inapomjia, anaweza kufunga banda siku tatu.

Akipanga, Jumatatu jioni baada ya biashara hununua umeme na kulipa maji kwa simu, na binti huomba uhakiki wa cheti kwa mtandao kisha kulipa kwa kumbukumbu namba aliyopewa. Jumanne binti mwenyewe hufuata barua ya utambulisho ofisi ya mtaa, wakati mama akiendelea na biashara. Jumatano alfajiri, mama huondoka na bibi kuelekea Tumbi, wakiwa na kadi ya kliniki, dawa zilizobaki, chakula na maji ya kunywa. Wakimaliza, bibi hupumzika kwa ndugu walio karibu au hurudi na mjukuu aliyekuja kumpokea, na mama huendelea hadi Maili Moja kununua mchele na mafuta. Banda hufungwa siku moja, si tatu. Ikiwa anaye mwenzake wa kumshikia jiko kwa makubaliano ya mgawanyo wa mapato, huenda lisifungwe kabisa.

Mfano huu unaonyesha pia kuwa mzigo wa shughuli za nyumbani hauondoki kwa kupangwa vizuri na mtu mmoja. Tafiti za nguvu kazi zilizofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zikiwemo zilizopima matumizi ya muda, zimeonyesha kuwa wanawake nchini hutumia muda mwingi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Kuchota maji, kupeleka mtoto kliniki na kwenda mashineni ni shughuli zinazoweza kufanywa na baba, kijana wa kiume au yeyote aliye nyumbani. Orodha ya familia iandikwe pamoja na jina la mhusika, na mgawanyo uzingatie nani ana nafasi, si nani amezoea. Watoto wasipangiwe shughuli zinazowatoa darasani.

Haki ya mwananchi na tahadhari

Muda wa mwananchi unalindwa pia kwa taratibu za utumishi wa umma. Taasisi za umma huandaa Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaoeleza huduma zinazotolewa, masharti yake na muda ambao mteja anapaswa kuwa amehudumiwa. Mwananchi ana haki ya kuuliza mkataba huo, kuandika jina la ofisi na tarehe aliyowasilisha ombi, na kudai stakabadhi ya nyaraka alizoziacha. Pale anapokuwa na malalamiko, pongezi au ushauri, anaweza kuuwasilisha kupitia mfumo wa e-Mrejesho, unaopatikana pia kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#. Wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wagonjwa mahututi wanapaswa kupewa kipaumbele, na walio kwenye foleni wanaombwa kuwapisha.

Haraka isimtie mwananchi mikononi mwa vishoka. Mtu anayejitolea kumaliza shughuli kwa siku moja kwa malipo yasiyo na stakabadhi huweza kutoa nyaraka ya kughushi, na gharama ya kuirekebisha huwa kubwa kuliko muda uliodhaniwa kuokolewa. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, na jina la taasisi huonekana kabla ya kuthibitisha. Vitendo vya rushwa huripotiwa kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) kwa kupiga 113 bila malipo, na namba za simu zinazotumika katika utapeli hutumwa kwenda 15040.

Mitandao nayo huweza kukatika. Umeme ununuliwe kabla uniti hazijakwisha, na malipo yenye tarehe ya mwisho yafanywe siku kadhaa kabla. Ujumbe wa kuthibitisha malipo uhifadhiwe hadi huduma ikamilike.

Kalenda ya mwaka

Zipo shughuli zinazojirudia kila mwaka, hivyo zinaweza kupangwa miezi kadhaa kabla. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya mapato kwa awamu na ambaye mwaka wake wa hesabu huishia Desemba hulipa kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Anayeweka kiasi kidogo kila wiki hashtuki awamu inapofika. Leseni ya biashara ina tarehe ya kuisha iliyoandikwa juu yake. Uandikishaji wa watoto wa darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka kwa ajili ya muhula wa Januari, hivyo vyeti vyao viwe tayari kabla ya Oktoba. Mbegu na maandalizi ya shamba hutangulia mvua. Mkulima asipange safari ndefu za ofisi katika wiki za kupanda.

Tarehe hizo zikiandikwa kwenye kalenda ya ukutani mwezi Januari, kila moja ikiwa na alama ya tahadhari wiki mbili kabla, familia huondokana na safari nyingi za dharura.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wakasema pia haraka haraka haina baraka. Semi hizo mbili hazipingani kwa anayepanga: jambo lenye tarehe ya mwisho lianze mapema, na lifanywe kwa utaratibu. Mkazi wa Misugusugu anaweza kuanza wiki hii kwa hatua tatu: kuandika orodha ya familia, kukagua bahasha ya nyaraka, na kuondoa katika safari ijayo kila jambo linaloweza kumalizwa kwa simu au katika ofisi ya mtaa. Muda utakaobaki ni wa shamba, biashara, watoto na mapumziko.